Jiwe Lililoitika

Mjomba Tun Guarchaj hachagui jiwe kwa macho.
Hulipiga mara moja kwa kichwa cha nyundo
kisha husikiliza, kofia mkononi,
kama mtu aliyebisha hodi na hana hakika na mwenyeji.
Likikohoa, hulivuka.
Likiitika, ngee, hulikalia kitako
na kutoa tindo mkobani.

Hapa Nahualá bibi harusi huletewa jiwe la kusagia,
miguu mitatu, mgongo uliobonyea kidogo,
na jiwe humzika yeye.
Mjomba ameyachonga tangu hajaota ndevu.
Mimi ni mwaka wa pili tu namchukulia maji,
vumbi kwenye kope, kidole gumba kimekufa ganzi.

Talin, bintiye, alirudi kutoka Xela Jumamosi ile
na daftari la chuo, na viatu visivyofaa machimboni.
Akaketi juu ya kifusi.
"Baba, unajua jiwe hili lilianzia baharini?"
Mjomba akatema vumbi.
"Bahari iko mbali, mwanangu. Nauli yake tu."

Akatandaza viganja, kimoja akakipitisha chini ya kingine:
bamba zito la sakafu ya bahari
hujongea kutoka magharibi, mwendo wa kucha kuota,
na likikutana na nchi yetu haligombanii njia.
Huinama. Huingia uvunguni
na chumvi yake, na tope lake, na maji katika kila ufa.
Huko chini joto hulikamua.
Maji hupanda, huupenya mwamba wa juu yake,
na mwamba ule uliostahimili moto mtupu
hulegea kwa kuloweshwa.
"Si moto peke yake, Baba. Ni maji yaliyouyeyusha."

Nyundo ikabaki hewani.
Tumezoea kusema maji yakimwagika hayazoleki.
Kumbe mlima huyazoa.

Magma ni nyepesi, hupanda.
Nyingine huchoka njiani, hujilaza gizani
chini kabisa ya mashamba ya watu,
ikipoa miaka elfu juu ya elfu.
Mvumilivu hula mbivu: fuwele zake hunenepa
hadi uzione, nyeupe, waridi, nyeusi,
zimebanana kama punje kwenye gunzi.
"Graniti," akasema Talin.
"Naijua. Hiyo hula tindo zangu."
Nyingine hufika juu na haraka yake,
ikitoka mapovu kama soda iliyotikiswa,
baridi ikaikaba kabla haijafumba vinywa.
Akachomeka ncha ya kalamu katika kitundu kimoja cha jiwe:
"Hapa palikuwa na pumzi."
Na ile iliyoganda papo hapo, isipate hata punje moja,
ndiyo kioo cheusi kilichomkata Xwan unyayo mwaka juzi.

Nyuma ya mabonde, Santiaguito ukatoa wingu lake la saa tano,
la kijivu, pole pole.
Hakuna aliyeinua kichwa.

Mjomba aliuliza moja tu:
"Na hilo bamba, limekwisha kuingia?"
"Bado. Hata sasa tunavyoongea."
Akatazama kati ya miguu yake kwa muda,
kama aliyesikia panya chini ya kitanda.
Kisha akapiga.

Usiku Mama Talin alipiga magoti kwenye jiwe lake la harusi,
vile vitundu vikiuma mahindi mabichi ya chokaa,
kwenda, kurudi, kwenda.
Mgongo wa jiwe umeliwa upana wa vidole viwili
tangu aolewe,
na walioula ni sisi.
Chapati ikatoka jikoni imevimba shavu.
Nikatafuna, chembe ikalia kati ya magego.
"Umevunja jino?" akauliza.
"Hapana, mkaza mjomba. Ni bahari."